Umeibiwa, bima imekulipa kiduchu: hiyo namba ilitoka wapi?

Barua ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilimpa dada yangu pole kwa kuvunjiwa nyumba. Ya pili ilimjulisha kwamba kampuni imekamilisha uchunguzi wa madai yake. Ya tatu ilitaja shilingi 1,390,000 na kumtaka asaini karatasi iliyoambatanishwa ili aingiziwe hela. Madai aliyokuwa amepeleka yalikuwa ya shilingi 9,600,000.

Aliisoma akiwa mezani sebuleni, akitazamana na ukuta uliobaki na misumari miwili na alama ya vumbi mahali palipokuwa na televisheni. Kwanza alisema, "Hawa nao ni wezi." Baada ya kimya kirefu akasema, "Basi nisaini tu, kuliko kukosa kabisa." Nimewasikia watu wengi wakisema maneno hayo mawili, tena kwa mpangilio huohuo. Hasira kwanza, kisha kukata tamaa, kisha sahihi.

Ukweli ni kwamba malipo madogo ya bima hayatoki hewani. Namba ya mwisho huzaliwa na hatua nne au tano za hesabu, na kila hatua inatakiwa iwe na kifungu chake ndani ya hati ya bima. Katika barua ya dada, hatua moja ilikuwa halali kabisa, nyingine zilikuwa na makosa, na moja ilikuwa na kosa kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa. Lakini hakuna hata moja iliyoonekana kwenye barua, kwa sababu barua ilitaja jumla tu. Ukipinga jumla, utajibiwa kwa jumla: "Tumezingatia masharti ya bima yako." Mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa hiyo siku ile hatukuandika malalamiko. Tuliandika mistari minne ya kuomba mchanganuo: kila kitu kimethaminiwa kiasi gani, kimepunguzwa kwa sababu gani, kwa kifungu namba ngapi cha hati, na nakala ya ripoti ya mkadiriaji wa hasara. Kampuni inaweza kusita kutoa ripoti nzima. Hesabu ni jambo jingine. Kampuni iliyofika kwenye namba kwa njia halali haina sababu ya kuificha njia yenyewe. Na mkadiriaji, japo ana leseni na mara nyingi ni mtu makini, ameajiriwa kwa kazi hiyo na kampuni. Maoni yake yanaweza kujibiwa kwa maoni na ushahidi mwingine.

Mchanganuo ulikuja baada ya siku tisa. Hivi ndivyo milioni tisa na ushee zilivyoyeyuka.

Cherehani ya overloki ya shilingi 1,100,000 iliondolewa yote, kwa kuwa ni chombo cha biashara. Televisheni ya 1,800,000, yenye miaka minne, ilikatwa asilimia 15 kwa kila mwaka ikabaki 720,000. Laptop ya 2,200,000, yenye miaka mitatu, ilikatwa asilimia 20 kwa mwaka ikabaki 880,000. Mkufu wa dhahabu wa 1,800,000 na bangili ya 1,200,000 vilihesabiwa pamoja na kupewa 600,000. Simu ya 900,000 ikawa 450,000. Sabufa ya 600,000 ikapewa sifuri, kwa kuwa haikuwa na risiti. Jumla hapo ni 2,650,000. Kisha ikazidishwa kwa asilimia 60, ikawa 1,590,000. Mwisho ikatolewa ekisesi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, shilingi 200,000. Ndiyo hiyo 1,390,000.

Suala la cherehani hatukulipinga. Dada hushonea wateja nyumbani, na hati yake inasema wazi kwamba bima ya vyombo vya nyumbani haigusi mali ya biashara. Iliuma, lakini kampuni ilikuwa sahihi. Kukubali pale penye haki yao kulisaidia pia, maana barua inayopinga kila kitu husomwa kama barua ya mtu mwenye hasira.

Uchakavu si jedwali

Bima nyingi za vyombo vya nyumbani huangukia katika moja ya aina mbili. Kuna inayolipa kipya kwa cha zamani: umeibiwa televisheni ya miaka minne, unalipwa bei ya mpya inayofanana nayo. Na kuna inayolipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipopotea, yaani baada ya uchakavu. Kabla hujabishana lolote, fungua hati uone yako ni ipi. Wapo watu waliolipa ada ya aina ya kwanza wakakatwa uchakavu kama wa aina ya pili, na hawakujua.

Ya dada ilikuwa ya aina ya pili, kwa hiyo uchakavu ulikuwa halali. Swali likawa ni uchakavu kiasi gani. Hati ilisema "thamani halisi ya kitu siku ya kupotea". Haikusema popote asilimia 15 wala 20. Asilimia hizo zilikuwa utaratibu wa ndani wa kampuni, na utaratibu wa ndani si sehemu ya mkataba uliosaini.

Thamani halisi ina maana rahisi: ningehitaji shilingi ngapi leo kupata kitu kama kile, chenye umri ule na hali ile? Swali hilo Dar es Salaam lina majibu, kwa sababu soko la vitu vilivyotumika lipo na ni kubwa. Tulizunguka Kariakoo asubuhi moja. Kwa laptop za aina ile, umri ule, maduka matatu yalitupa bei zinazozunguka 1,200,000, na wawili kati ya wenye maduka wakakubali kuandika kwenye karatasi na kugonga muhuri. Kwa televisheni tulipata kati ya 950,000 na 1,100,000. Kwa simu hatukupata bei nzuri kuliko ile ya kampuni, kwa hiyo tuliacha ilivyo.

Hapa kuna kanuni ya zamani inayofaa kuijua. Mwaka 1883, katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilieleza msingi wa bima ya fidia: mwenye bima alipwe hasara yake kikamilifu, lakini asilipwe zaidi ya hasara hiyo. Sheria hiyo ya mahakama za Kiingereza ndiyo iliyopokelewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na bado ni sehemu ya misingi ya bima yetu. Kampuni hupenda kutukumbusha nusu ya pili, kwamba usifaidike na hasara. Nusu ya kwanza ina uzito uleule: ulipwe kikamilifu.

Dhahabu, na maana ya "kitu kimoja"

Hati nyingi zina kikomo cha kitu kimoja. Katika ya dada, pambo, saa au kitu cha sanaa ambacho hakikuorodheshwa kwa jina na thamani yake kisingelipwa zaidi ya asilimia 5 ya kiasi cha bima. Kiasi chake cha bima kilikuwa shilingi 12,000,000, kwa hiyo kikomo ni 600,000. Angeorodhesha mkufu wake peke yake siku ya kukata bima, na kulipa ada iliyoongezeka kidogo, angelipwa zaidi. Hakufanya hivyo, wala wakala hakumwuliza.

Lakini kikomo kilisema kitu kimoja, nao mkufu na bangili ni vitu viwili. Vilinunuliwa miaka tofauti, kwa sonara tofauti, na kimoja kilikuwa zawadi ya harusi. Havikuwa seti. Kwa kuvifunga pamoja chini ya neno "vito", mkadiriaji alimpunguzia 600,000 kwa mstari mmoja wa kalamu. Hoja yetu hapa haikuzidi sentensi mbili, na haikuhitaji zaidi.

Kitu kisicho na risiti

Sabufa ilipewa sifuri kwa sababu moja tu: risiti haikuwepo. Kwa kweli risiti ilikuwepo. Dada anazitunza zote kwenye kopo la biskuti. Aliponikabidhi ile ya sabufa, ilikuwa kipande cha karatasi nyeupe kisicho na herufi hata moja. Risiti za mashine ya EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini, na baada ya muda maandishi hufifia mpaka unashika karatasi tupu. Ipige picha risiti yako siku uliyonunua, usingoje.

Hata hivyo, ukisoma hati nyingi utakuta zinadai "ushahidi wa kuridhisha", wala hazisemi risiti pekee. Na hata suala likifika mahakamani, kipimo cha madai ya kiraia ni kuonyesha kwamba jambo lako lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Kwa kipimo hicho, ujumbe wa simu wa kulipa dukani ni ushahidi. Boksi lenye namba ya kifaa ni ushahidi, na kadi ya dhamana pia. Namba ya IMEI ya simu iliyoibwa mara nyingi imeandikwa kwenye boksi lake. Na kwa simu uliyo nayo sasa, bonyeza *#06# uinakili leo. Mjumbe au jirani aliyekuwa anakuja kuangalia mpira kwako anaweza kuandika maelezo na kuyasaini.

Kilichotuokoa sisi ni picha ya mtoto. Ilipigwa siku ya Idi. Mwanawe amesimama na kanzu mpya, na nyuma ya bega lake sabufa inaonekana vizuri, mpaka jina la kampuni iliyoitengeneza linasomeka. Tarehe ya picha ilikuwa bado ndani ya simu ya mama yetu mdogo aliyeipiga.

Hapa nionye, na ninaonya kwa dhati. Usiongeze kitu ambacho hukuwa nacho, na usipandishe bei ili "wakikata ibaki inayotosha". Hati za bima kwa kawaida zina kifungu cha udanganyifu, na uongo kuhusu kitu kimoja unaweza kukukosesha malipo ya vyote. Mkadiriaji hulinganisha fomu yako ya madai na maelezo uliyotoa polisi siku ulipochukua RB, ile namba ya taarifa yako kituoni. Kitu ambacho hakimo kwenye maelezo ya polisi kinahitaji sababu nzuri ya kuchelewa kukikumbuka. Ukikumbuka kitu baadaye, rudi kituoni ukaongeze maelezo, ndipo uandikie kampuni.

Zile asilimia 60

Hii ndiyo hatua inayokula fedha nyingi na inayoeleweka kidogo kuliko zote. Inaitwa kanuni ya wastani.

Mantiki yake ni hii. Vitu vyako vyote ndani vina thamani ya milioni 20, lakini ulivikatia bima ya milioni 12 ili ada iwe nafuu. Kampuni inasema: umetukabidhi asilimia 60 tu ya mali yako, asilimia 40 uliamua kuilinda mwenyewe, kwa hiyo kila hasara tutagawana hivyohivyo. Haijalishi kwamba kilichoibwa ni cha milioni mbili tu na bima yako ni ya milioni 12. Watu wengi hudhani kiasi cha bima ni dari, kwamba chini yake kila kitu hulipwa chote. Kama hati ina kifungu cha wastani, sivyo.

Kanuni yenyewe ni ya haki, na kama kifungu kimo huwezi kuikwepa. Kama hakimo kwenye hati, waulize wanakitumia kwa idhini ya nani. Chetu kilikuwemo. Tulichokuwa nacho cha kuhoji ni hiyo milioni 20.

Mkadiriaji alipita chumba hadi chumba na kuandika kila kitu: makochi, vitanda, friji, jiko la gesi, kabati, mapazia, vyombo, nguo. Pembeni ya kila kitu akaandika bei ya dukani ya kitu kipya. Ndivyo alivyofika milioni 20. Sasa tazama: alipokuwa anathamini vilivyoibwa, alitumia bei ya kitu kilichochakaa. Alipokuwa anathamini nyumba nzima ili apate asilimia, alitumia bei ya kitu kipya. Mizani miwili katika hesabu moja, na kila mmoja umeegemea upande wa kampuni.

Kama bima inalipa baada ya uchakavu, basi thamani ya vitu vyote ndani ya nyumba nayo ipimwe baada ya uchakavu. Makochi ya dada yana miaka tisa. Friji aliinunua mtumba. Tulichukua orodha ileile ya mkadiriaji, kitu kwa kitu, tukaweka umri na bei ya kilichotumika, na jumla ikawa 12,500,000. Kumi na mbili kwa kumi na mbili na nusu ni asilimia 96. Kosa hilo moja lilikuwa na thamani kubwa kuliko sabufa, televisheni na bangili kwa pamoja.

Ukipata barua yenye asilimia ya ajabu katikati, anzia hapo. Omba orodha iliyozaa hiyo thamani ya nyumba nzima. Usikubali namba kubwa ya mviringo iliyoandikwa peke yake.

Barua, na milango inayofuata

Barua yetu ya kupinga ilikuwa kurasa mbili. Ilifuata mpangilio wa mchanganuo wao: mstari wao, kifungu cha hati, ushahidi wetu, namba yetu. Hatukuandika kuhusu miaka sita ambayo dada amelipa ada bila kudai chochote, ingawa ni kweli na inauma, kwa sababu haibadilishi hesabu. Mwishoni tuliomba mambo mawili: majibu ya maandishi ndani ya siku 14, na kiasi wanachokikubali kilipwe wakati tunaendelea kujadiliana, bila kuathiri haki ya kudai kilichobaki. Kampuni hailazimiki kukubali ombi hilo la pili kila mara, ila kuliandika kunaonyesha kwamba kuchelewa hakutoki kwako. Barua tuliipeleka kwa mkono, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Kampuni ikikataa au ikinyamaza, kwa Tanzania kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayosimamia mwenendo wa kampuni, mawakala na madalali chini ya Sheria ya Bima, Sura 394. Na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyoundwa na sheria hiyohiyo ya mwaka 2009 kwa ajili ya migogoro kama huu, ambako mtu anaweza kwenda na makaratasi yake bila wakili. Utaulizwa kwanza kama umelalamika kwa kampuni yenyewe, na hapo ndipo nakala yenye muhuri hufanya kazi yake. Kenya, mdhibiti ni Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, nayo hupokea malalamiko ya wateja. Makaratasi ya polisi yanayotakiwa huko ni ile abstract, yaani muhtasari wa taarifa uliyotoa polisi.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana njia iliyonyooka zaidi. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho kwa lalamiko. Baada ya jibu hilo una miezi 6 ya kulipeleka Financial Ombudsman Service, ofisi ya kusuluhisha migogoro ya huduma za fedha, bila malipo, na ukikubali uamuzi wao kampuni inafungwa nao. Tangu 4 Mei 2017 sheria ya huko pia inadai kampuni ilipe ndani ya muda wa kuridhisha.

Mahakama ipo, lakini soma hati kabla ya kuifikiria. Nyingi zina kifungu kinachosema mgogoro kuhusu kiasi, wakati kampuni imekubali kwamba inawajibika, uende kwanza kwa mwamuzi anayeteuliwa kwa mujibu wa mkataba, ambaye si yule wa TIO. Nyingine zinaweka ukomo wa miezi 12 tangu madai kukataliwa. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura 89, inatoa miaka 6 kwa shauri la mkataba, lakini usiitegemee hiyo miaka sita ukalala wakati hati yako inataja mwaka mmoja. Pata ushauri mapema.

Ile karatasi ya kusaini

Maofisini wanaiita dischaji. Ni nusu ukurasa, na kwa macho ya haraka inafanana na fomu ya kupokelea hela. Ya dada ilisema anapokea shilingi 1,390,000 "kama malipo kamili na ya mwisho ya madai yote yatokanayo na tukio hili". Ukisaini maneno hayo, umefunga shauri. Kulifungua tena utahitaji kuthibitisha mambo mazito, kwa mfano kwamba ulidanganywa au ulilazimishwa. Hela ikiwa imebana, na kwa kawaida inabana baada ya kuibiwa, karatasi hii ndiyo yenye hatari kuliko hatua zote nilizozieleza. Isome mpaka mwisho. Kama unapokea sehemu tu, maneno "kamili na ya mwisho" yafutwe na iandikwe kuwa ni malipo ya sehemu, na afisa wa kampuni asaini kando ya masahihisho.

Majibu ya barua yetu yalichukua wiki tano na simu nyingi. Walikubali mkufu na bangili kuwa vitu viwili, 1,200,000. Walikubali 1,000,000 ya televisheni na 1,200,000 ya laptop. Simu ilibaki 450,000. Sabufa waliipa 300,000 baada ya kuiona ile picha ya Idi. Jumla 4,150,000, kwa asilimia 96 ikawa 3,984,000, wakatoa ekisesi ya 200,000. Dischaji ya pili ilikuja ikiwa na shilingi 3,784,000. Dada aliisoma mara mbili kwa sauti, mezani palepale, ndipo akasaini. Ile ya kwanza bado imo ndani ya kopo la biskuti pamoja na risiti, haina sahihi.